Kiendelezi, kivinjari, DNS au kuzuia ufuatiliaji pekee: uchague njia gani ya kukabili matangazo?

Anayenunua bando la siku Nairobi hulipia vitu viwili kwa pamoja: makala anayotaka kuisoma, na matangazo yanayokuja nayo. Video inayojicheza yenyewe kando ya habari huchota data ileile uliyoilipia kwa M-Pesa. Upande wa pili yuko mwenye tovuti. Tovuti ndogo zinazopima simu na spika, au zinazolinganisha bei za Luthuli Avenue na za maduka ya mtandaoni, nyingi huishi kwa matangazo hayohayo pamoja na linki za kamisheni. Ukizuia kila kitu bila kuangalia, bando linapona, lakini unaweza pia kumkata riziki mtu ambaye ungependa aendelee kuandika.

Njia zilizo wazi kwa mtu wa kawaida ni nne: kiendelezi cha kuzuia matangazo (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari), kivinjari chenye kizuizi ndani yake, DNS inayochuja (DNS ni huduma inayotafuta anwani ya kila tovuti), na kuacha matangazo yapite huku ukizuia ufuatiliaji tu. Wengi hulinganisha kwa kigezo kimoja, yaani ipi inazuia zaidi. Hicho peke yake hakitoshi. Hapa kila njia inapimwa kwa vitu vitano: inazuia nini na wapi (kivinjari kimoja au app zote), inafanya nini kwa data na simu yako, inazitendaje linki za kamisheni, ni rahisi kiasi gani kuruhusu tovuti moja bila kufungulia zote, na inakwama wapi. Kigezo cha tatu ndicho husahaulika, kwa hiyo tuanze nacho.

Linki ya kamisheni inavyofanya kazi, na inapokatika

Umesoma uhakiki wa spika, ukabonyeza “angalia bei”. Kabla hujafika dukani, ombi lako linaweza kupitia seva ya mtandao wa kamisheni, kwa mfano Awin, ambayo linki zake hupitia kikoa cha awin1.com. Seva hiyo huandika namba ya aliyekuelekeza, huacha kidakuzi (cookie, kumbukumbu ndogo kwenye kivinjari chako), kisha hukupeleka dukani. Ukinunua, ukurasa wa “asante kwa oda yako” hutuma ripoti kwenye mtandao uleule. Amazon hutumia njia fupi zaidi: namba ya mwelekezaji huwekwa ndani ya anwani yenyewe, baada ya tag=, na kwa kawaida mnunuzi huwa na saa 24 za kuweka bidhaa kwenye kikapu ili mwelekezaji ahesabiwe. Jumia nayo ina mpango wa kulipa wanaoleta wateja kupitia linki. Kwa kawaida bei ya mnunuzi haibadiliki. Kamisheni hutoka kwenye pato la muuzaji.

Mnyororo huu unaweza kukatika mahali patatu. Ikizuiwa seva ya kati, utaliona tatizo mara moja, kwa sababu ukurasa haufunguki. Kikizuiwa kidakuzi, au ikizuiwa ripoti ya mwisho, huoni lolote: spika unaipata, ila aliyekuelekeza hapati kitu. Safari, kivinjari cha Apple, huukata mnyororo huu kimyakimya hata bila kizuizi chochote. Vidakuzi vinavyoandikwa na hati (script) za ukurasa huishi siku 7 tu, na vikija na linki yenye alama za kufuatilia kutoka kikoa kinachojulikana kwa ufuatiliaji, huishi saa 24.

Kuna pia wanaojiingiza katikati. Desemba 2024, Honey, kiendelezi cha kuponi kinachomilikiwa na PayPal, kilishutumiwa hadharani kwamba hubadilisha namba ya mwelekezaji wakati mnunuzi anapofika kulipa, kamisheni ikaenda kwake. PayPal ilijibu kwamba inafuata kanuni za sekta, zinazomlipa mwenye linki iliyobofywa mwisho. Machi 2025 Google ilibadilisha masharti ya duka la viendelezi vya Chrome: kiendelezi hakiruhusiwi kuingiza namba yake ya kamisheni kama mtumiaji hapati faida ya moja kwa moja. Hata Brave, kivinjari kinachojitangaza kwa faragha, kilikutwa Juni 2020 kikimalizia anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali, kwa namba yake chenyewe. Mkuu wake, Brendan Eich, aliomba radhi na jambo hilo likarekebishwa. Kabla ya kusakinisha chochote cha bure, uliza pesa yake inatoka wapi.

1. Kiendelezi: uBlock Origin na ndugu zake

*Inachozuia.* uBlock Origin ya Raymond Hill ilianza mwaka 2014, ni ya bure na haina mpango wa kuuza nafasi kwa watangazaji. Husoma orodha kama EasyList, ya matangazo, na EasyPrivacy, ya vifuatiliaji, kisha hufanya kazi mbili: huzuia maombi yasitoke, na huficha mabaki kwenye ukurasa ili usibaki na mashimo meupe. Kazi hiyo ya pili DNS haiwezi kuifanya. Lakini kiendelezi kinaishi ndani ya kivinjari kimoja tu. Linki ukiifungulia ndani ya Facebook au Instagram inafunguka kwenye kivinjari cha app hiyo, na hapo kiendelezi hakipo.

Chrome imebadilika. Kwa mfumo wake mpya wa viendelezi, Manifest V3, uBlock Origin kamili ilizimwa kwa watumiaji wa kawaida kufikia katikati ya 2025. Iliyobaki ni uBlock Origin Lite, ambayo humkabidhi Chrome orodha ya sheria badala ya kukagua kila ombi yenyewe, na orodha zake husasishwa kiendelezi chenyewe kinaposasishwa. Inafanya kazi vizuri kwa kurasa za kawaida. Huachwa nyuma na tovuti zinazobadilisha mbinu kila siku. Firefox bado inakubali toleo kamili, kwenye kompyuta na kwenye Android. Chrome ya Android haina viendelezi kabisa, jambo linalowashangaza wengi.

Kwenye simu ya Android: sakinisha Firefox, fungua menyu, ingia kwenye viendelezi, chagua uBlock Origin, kubali ruhusa. Kisha ifanye Firefox iwe kivinjari cha msingi kwenye mipangilio ya simu, la sivyo linki za WhatsApp zitaendelea kufunguka kwenye Chrome na utadhani kizuizi hakifanyi kazi. Angalia jina vizuri dukani. “uBlock” bila “Origin” ni kitu kingine. Kilinunuliwa na AdBlock mwaka 2018. Adblock Plus nayo ina mpango wa “matangazo yanayokubalika” tangu 2011, umewashwa tangu mwanzo, na baadhi ya kampuni kubwa hulipa ili kuwemo. Si siri, na unaweza kuuzima kwenye mipangilio, lakini ujue upo.

*Data na simu.* Data inapungua kwa sababu maombi hayatoki kabisa. Pima mwenyewe kwenye Firefox ya kompyuta: bonyeza F12, fungua kichupo cha mtandao, pakia upya kwa Ctrl+F5 na usome kiasi kilichopakuliwa chini ya dirisha. Zima kiendelezi, rudia. Tofauti kwenye tovuti ya habari huonekana bila miwani. Kwa simu yenye RAM ndogo, Firefox yenyewe inaweza kuwa nzito kuliko Chrome.

*Linki za kamisheni.* Ukibonyeza linki inayopitia kikoa kilichomo kwenye orodha, uBlock Origin hukuonyesha ukurasa wa onyo wenye kitufe cha kuendelea. Uamuzi ni wako, tena unaona anwani unayopelekwa. Namba iliyo ndani ya anwani, kama ile ya Amazon, kwa kawaida hupita. Ripoti ya mwisho ndiyo EasyPrivacy inaweza kuizuia.

*Kuruhusu tovuti.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine zote. Fungua tovuti, bonyeza ikoni, zima kitufe kikubwa cha nguvu, pakia upya. Tovuti hiyo inaruhusiwa, nyingine zinabaki zimezuiwa.

*Inapokwama.* Kosa kubwa ni kuweka vizuizi viwili kwa pamoja ukidhani utapata nguvu maradufu. Huharibiana, hasa kwenye tovuti zinazokagua kama una kizuizi. Baki na kimoja. Tovuti ikikugomea, sasisha orodha kwanza kabla ya kuongeza nyingine.

*Inamfaa* mwenye kompyuta, au mwenye simu ya Android isiyolemewa, anayependa kuamua tovuti moja moja.

2. Kivinjari chenye kizuizi ndani: Brave, Opera Mini

*Inachozuia.* Brave huzuia matangazo na vifuatiliaji tangu dakika ya kwanza. Katika hali ya kawaida huachia matangazo yanayotoka kwenye tovuti yenyewe. Hali kali huyazuia nayo. Opera Mini ina kizuizi ndani pia, ingawa ukurasa wake wa mwanzo una habari na matangazo ya Opera yenyewe. Brave nayo huweka picha za wadhamini kwenye kichupo kipya hadi uzizime. Kama kiendelezi, vyote viwili havigusi app nyingine.

*Data na simu.* Opera Mini ndiyo bingwa wa bando dogo, na hilo halitokani na kizuizi peke yake. Katika hali ya juu kabisa ya kubana data, ukurasa hufunguliwa kwenye seva za Opera, hubanwa, kisha hutumwa kwako ukiwa mwepesi. Gharama yake ni kwamba usimbaji hauanzii kwako na kuishia kwenye tovuti. Seva ya Opera iko katikati. Soma habari na matokeo ya ligi kwa hali hiyo, lakini usiingie benki wala kuandika nywila muhimu. Kurasa zenye fomu ngumu pia hukatika humo.

*Linki za kamisheni.* Brave huondoa alama fulani za kufuatilia kwenye anwani, kama fbclid na gclid, ambazo ni za matangazo ya Facebook na Google. Linki nyingi za kamisheni hupita, lakini muda wa vidakuzi na ripoti ya mwisho havina uhakika.

*Kuruhusu tovuti.* Kwenye Brave bonyeza ikoni ya simba na ushushe ngao (Shields, kizuizi chake) kwa tovuti hiyo. Opera Mini haikupi udhibiti wa kina kiasi hicho.

*Inapokwama.* Mara nyingi ni kuhama kwenyewe: nywila, alamisho, na mazoea ya miaka mingi ndani ya Chrome. Brave hutumia injini moja na Chrome, kwa hiyo tovuti nyingi huonekana vilevile.

*Inamfaa* asiyetaka kusakinisha wala kurekebisha kitu. Mzazi uliyemwekea simu upya, kwa mfano.

3. DNS inayochuja

*Inachozuia.* Kabla simu haijafungua tovuti, huuliza seva ya DNS anwani ya kikoa. Seva inayochuja hukataa kujibu kwa vikoa vya matangazo. Kwa hiyo hufika kwenye kila app: michezo ya bure, kivinjari cha ndani ya Facebook, hata televisheni, DNS hiyo ikiwekwa kwenye ruta. Lakini huona jina la kikoa tu, haioni ukurasa. Matangazo ya YouTube na ya Facebook yanatoka kwenye vikoa vilevile vinavyoleta video na picha, basi hayazuiliki kwa njia hii. Anayekuahidi kuzuia matangazo ya YouTube kwa DNS anakudanganya.

*Data na simu.* Hakuna cha kusakinisha kwenye Android 9 na kuendelea. Ingia mipangilio, mtandao na intaneti, DNS ya faragha (kwenye Samsung iko ndani ya miunganisho, mipangilio zaidi), chagua kuandika jina la mtoaji, andika dns.adguard-dns.com bila https na bila nafasi. Ukitaka kuzuia na maudhui ya watu wazima kwa simu ya mtoto, andika family.adguard-dns.com. Haili RAM wala haichoshi betri.

*Linki za kamisheni.* Hapa ndipo DNS hukera kuliko njia zote. Kikoa cha kati kikizuiwa, unaona “tovuti haipatikani”, bila maelezo na bila kitufe cha kuendelea. Wengi hudhani duka limeanguka au bando limeisha. Dawa ni akaunti binafsi: NextDNS ina swichi ya kuruhusu linki za kamisheni na za kufuatilia unazozibonyeza mwenyewe, kwenye ukurasa wake wa faragha, hakikisha imewashwa. NextDNS na AdGuard DNS binafsi hutoa maswali 300,000 kwa mwezi bure. Kwa simu moja hutosha kwa starehe. Nyumba yenye vifaa vingi inaweza kuyamaliza, na NextDNS ikifika hapo huendelea kujibu lakini huacha kuchuja.

*Kuruhusu tovuti.* DNS ya umma haikupi nafasi ya kuruhusu tovuti yoyote. Ni kuwasha au kuzima yote. Akaunti binafsi inakubali kuruhusu kikoa, ila kumbuka kwamba unaruhusu kikoa cha matangazo kwa tovuti zote, si tovuti unayoipenda peke yake. Kama nia yako ni kumsaidia mwandishi mmoja, DNS ni chombo kibovu kwa kazi hiyo.

*Inapokwama.* Wi-Fi za mikahawa na maduka makubwa zenye ukurasa wa kuingia zinaweza kugoma, kwa sababu DNS ya faragha hupitia lango (port) 853 na mtandao hulizuia hadi uingie. Irudishe kwenye hali ya otomatiki, ingia, kisha iwashe tena. Ukiwa na VPN, DNS yako inaweza kupuuzwa. Chrome nayo ina mpangilio wake wa DNS salama. Ukiwa umechagua mtoaji mwingine humo, kichujio kinarukwa.

Kuna Pi-hole, programu ya kuchuja DNS, kwa wanaotaka kichujio chao nyumbani. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi au kompyuta kuukuu yenye RAM ya MB 512 inatosha. Makosa mawili hurudiwa na kila anayeanza: kuweka 8.8.8.8, DNS ya Google isiyochuja matangazo, kama DNS ya akiba kwenye ruta, ambapo vifaa huitumia wakati wowote na matangazo yanarudi. Na kutegemea kadi ya SD ya bei rahisi, ambayo huharibika stima ikipotea ghafla. Pi-hole ikizima, nyumba nzima haina intaneti hadi mtu abadilishe ruta. Ruta nyingine za watoa huduma hazikubali kubadilishwa DNS. Hapo itakubidi uweke DNS kifaa kwa kifaa.

*Inamfaa* anayesumbuliwa na matangazo ndani ya app, na familia yenye vifaa vingi.

4. Kuacha matangazo, kuzuia ufuatiliaji

*Inachozuia.* Privacy Badger ya EFF, shirika la Marekani la haki za kidijitali, haizuii tangazo kwa kuwa ni tangazo. Huzuia anayekufuata kutoka tovuti hadi tovuti. Tangazo lisilofuatilia linabaki. Firefox yenyewe, tangu 2022, huweka vidakuzi vya kila tovuti kwenye chungu chake tofauti bila kuombwa. *Data:* utaokoa kiasi, lakini video ya tangazo lililobaki bado inakula bando. *Linki za kamisheni:* kwa jumla hazisumbuliwi sana kama kwenye njia nyingine. *Kuruhusu tovuti:* kitufe kimoja. *Inapokwama:* matangazo mengi hubeba kifuatiliaji, kwa hiyo mengi yatatoweka pia, na mwenye tovuti hatajua nia yako ilikuwa njema.

Njia hii inaendana na haki zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kujulishwa matumizi ya data yako, kuiona, kupinga isitumike, kusahihishwa na kufutiwa taarifa za uongo. Kifungu cha 37 kinahusu matumizi ya data kibiashara na kinadai idhini yako, au ruhusa ya sheria huku ukijulishwa. Kampuni ikikupuuza, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa vibao vya vidakuzi, tafuta “kataa” kabla ya “kubali”. Mara nyingi kimefichwa ndani ya mipangilio.

*Inamfaa* anayekubali kuona matangazo lakini hataki kufuatwa, na mwenye bando lisilo na kikomo.

Kwa hali yako

Bando la siku na simu ndogo ya Android: Opera Mini kwa kusoma, DNS ya faragha kwa app. Mambo ya pesa yabaki kwenye Chrome au app ya benki.

Unatumia Wi-Fi ya landilodi au ya hosteli, na nywila ya ruta huna: DNS ya faragha kwenye simu, uBlock Origin kwenye laptopu. Huhitaji ruhusa ya mtu.

iPhone: Firefox ya iPhone haikubali viendelezi, kwa hiyo tumia kizuizi cha maudhui cha Safari, mfano AdGuard. Ni sawa na njia ya kwanza, ila na uwezo mdogo zaidi.

Nyumba yenye faiba, watoto na televisheni: akaunti binafsi ya DNS kwenye ruta. Pi-hole ni kwa nyumba yenye mtu anayefurahia kuirekebisha Jumapili.

Unaendesha saiba mjini: Firefox na uBlock Origin kwenye kila mashine, na uruhusu mapema eCitizen na iTax, tovuti za huduma za serikali na za kodi. Hazitegemei matangazo, kwa hiyo hakuna unachopoteza, na mteja aliyesimama foleni hatakuuliza kwa nini fomu haifunguki.

Unasoma tovuti chache unazozithamini: njia ya kwanza au Brave, kisha ziruhusu hizo. Ukitaka kununua kupitia pendekezo la mtu, bonyeza linki yake mwisho kabisa kabla ya kulipa, na usiruhusu kiendelezi cha kuponi kikupe “ofa” baada yake.

Na kama wewe ndiye unayeishi kwa kamisheni, jaribu linki zako mwenyewe kwenye mazingira matatu: uBlock Origin, DNS ya AdGuard na Safari. Linki inayokufa kwenye DNS iwekee pembeni linki ya kawaida ya duka, ili msomaji asikwame. Andika wazi juu ya makala kwamba unalipwa akinunua. Asiyejua hilo hana sababu ya kukuruhusu. Na ukiomba kizuizi kizimwe, omba kwa mstari mmoja ndani ya ukurasa. Ukuta unaofunika makala nzima humfukuza msomaji kabla hajajua kama makala yenyewe inafaa.